Mwaka wa Kuvezi

Nilifika Kamina siku mbili baada ya Ya Ilunga kuzikwa. Treni ilikuwa imesimama njiani kwa muda mrefu kuliko ilivyotembea, na nilipoingia uani kwake wanaume wengi walikuwa wamekwisha kurudi kwenye kazi zao. Wanawake waliobaki kilioni walikaa kwenye mikeka, wakila bukari, ugali wa kwetu, na samaki wakavu na kuzungumza kwa sauti ya watu waliochoka kulia. Nilipewa sahani na mahali pa kukaa. Hakuna aliyenitambua ila mjane, Mama Kabange, aliyenishika mkono kisha akauachia. Karibu yangu jirani mmoja alikuwa anamweleza mgeni marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Alisema alikuwa fundi, fundi wa kweli, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya ishara za reli, ila kulikuwa na ile habari ya mashine yake iliyomuua mtoto kule maternite, nyumba ya kuzalishia, na tangu siku hiyo hakushika waya tena. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja kwamba marehemu alikuwa anachechemea. Mgeni akaguna, wakaendelea kula, nami nikaendelea kula. Nina miaka arobaini na sita sasa, ninafundisha elektroniki huko Lubumbashi, na vijana wananiita Profesa ingawa mimi si profesa. Nilikaa kwenye mkeka wa yule mtu nikala chakula cha kilio chake, huku najua kwamba mtoto hakufa kwa kosa lake. Alikufa kwa kosa langu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimerudi Kamina na diploma, kompyuta ndogo yenye bawaba iliyovunjika, na majivuno ambayo leo nikiyakumbuka nasikia aibu kuliko nikikumbuka mambo mabaya zaidi niliyoyafanya baadaye. Nilimwita Ilunga kwa jina la Ya, au Yaya, yaani kaka mkubwa, kwa kuwa alikuwa na umri wa kuniita mdogo wake na kwa kuwa alinipokea kazini bila kuniuliza maswali. Karakana yake ilikuwa chumba cha matofali nyuma ya nyumba, kisichopakwa chokaa, chenye dirisha moja lililotazama reli. Meza yake ilikuwa mlango wa behewa uliolazwa juu ya mapipa mawili. Umeme ulipokatika, na ulikatika karibu kila siku, alikipasha chuma cha kulehemia kwenye mbabula, jiko la makaa, juu ya makala yale yale ambayo Mama Kabange alikuwa anachemshia maharagwe, kisha alikimbia nacho mezani ili amalize kiungo kimoja kabla hakijapoa. Viungo vyake vilikuwa safi, viking'aa kama tone la maji. Saa sita mchana Mama Kabange alituletea bukari na sombe ya majani ya muhogo, akatukataza kula juu ya ile meza ya sumu, kama alivyoiita, nasi tukala kizingitini, tukisikiliza wanawake wa uani wakibishana juu ya bei ya muhogo na juu ya nani alimwacha nani. Ya Ilunga alikuwa mtu wa maneno machache. Mtu akimsifu aliinama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuanguka.

Kuvezi ililetwa kwetu mvua za kwanza zilipoanza. Ni lile sanduku la kioo ambamo watoto waliozaliwa kabla ya wakati hupashwa joto, na maternite ya parokia ilikuwa nayo moja tu. Radi ilikuwa imeunguza ubongo wake, ile kadi ya ndani inayopima joto na kuamua lini waya wa joto uwake na lini uzimwe. Kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa kimeacha kutoa vipuri vyake. Mtawa muuguzi, Masere Aline, alikuja nayo kwenye mkokoteni, akitembea kando yake na kuishika kwa mkono mmoja kila ilipopita kwenye shimo. Alitueleza kwamba siku hizo aliwalaza watoto katikati ya chupa za maji ya moto, na kwamba chupa hupoa wakati yeye yuko chumba kingine. Ya Ilunga alikuwa na sanduku la mikrokontrola, zile chipu ndogo zenye akili ya kufanya kazi moja maalumu, alizoziokoa kwenye vifaa vya reli vilivyotupwa. Nikaandika programu nyepesi, yenye kufanya jambo moja baada ya jingine. Masere Aline alipokuja kuiona, alichomoa waya wa kipimajoto bila kutuuliza, akakunja mikono, akangoja kengele ilie. Programu ilikuwa inangoja kipimajoto kijibu, na kila kitu kikangoja pamoja nayo. Kengele ililia wakati alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Akasema, "Ile kengele njo macho yangu. Niko peke yangu na vyumba bine."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi iliyokula mwaka wangu. Kulikuwa na kiini cha mfumo, kidogo na cha bure, kilichoandikwa na watu wa mbali kwa mashine za namna hii, mashine ambazo jibu lililochelewa ni sawa na jibu la uongo. Kazi yake ni kuigawia chipu moja kazi nyingi, kila moja kwa zamu yake na kwa haraka yake, ili kengele isingojee kipimajoto wala kipimajoto kisingojee kengele. Lakini kiliandikwa kwa chipu za ukoo mwingine. Sehemu kubwa ningeweza kuichukua ilivyo. Kilichobaki kilikuwa kipande cha chini kabisa, ambacho lazima kiandikwe upya kwa lugha ya chipu yenyewe, amri kwa amri. Kipande hicho ndicho kinachosimamisha kazi moja katikati, kinahifadhi kila kitu ilichokuwa nacho kwenye rejista, vile visanduku vidogo ambamo chipu hushika hesabu zake, kisha kinarudisha vitu vya kazi nyingine na kuiacha iendelee kana kwamba haikuwahi kulala. Ukikosea kisanduku kimoja tu, kazi itaamka na vitu visivyo vyake. Nilichapisha kitabu cha maelezo cha chipu ile, kurasa zaidi ya mia tatu, nikakisoma kizingitini mpaka pembe zake zikawa nyeusi kwa makala. Miezi ilipita. Mahindi ya majirani yalikomaa, yakavunwa. Siku moja asubuhi taa mbili ndogo mezani ziliwaka na kuzima, kila moja kwa mwendo wake, bila moja kuingoja nyingine, nikajua kiini kimeshika. Ya Ilunga alimwita mke wake aje aone. Mama Kabange alisimama, mikono ina unga, akazitazama taa mbili kwa muda, akauliza kama ni hayo tu. Tulicheka mpaka tukashika ukuta. Nafikiri hiyo ilikuwa siku ya furaha kuliko zote nilizopata kwenye kazi yangu.

Tuliijaribu kuvezi na chupa ya maji mahali pa mtoto. Kazi zilikuwa tatu: kupima joto, kuwasha na kuzima waya wa joto, na kulinda kengele. Ya Ilunga alifunga rele, ile swichi inayokata na kurudisha umeme, akaisikiliza kwa sikio kama daktari. Kulikuwa pia na mlinzi ndani ya chipu yenyewe, saa ambayo programu lazima iiguse kila mara. Isipoguswa, inajua kwamba programu imekufa, nayo inaiamsha upya. Mguso huo niliuweka ndani ya pigo la saa kuu, ile inayogawa zamu za kazi, kwa sababu palikuwa mahali rahisi. Siku moja Ya Ilunga alikuwa amekwenda Kabondo-Dianda kumwona kaka yake aliyekuwa mgonjwa. Nilifungua karakana asubuhi peke yangu nikakuta namba ya joto kwenye kioo imesimama kwenye thelathini na sita na nusu. Niligusa chupa. Ilikuwa moto kiasi cha kuondoa mkono. Waya wa joto ulikuwa unawaka, kengele kimya. Nilizima, nikawasha, kila kitu kikaenda sawa. Nikaiacha ikifanya kazi siku tisa mfululizo, wala haikusimama tena. Nilijiambia ni umeme, kwamba umeme wa Kamina unaweza kulewesha chipu yoyote. Kwenye daftari letu la majaribio nilikuwa nimeandika mstari mmoja kuhusu asubuhi ile. Ya Ilunga alipokaribia kurudi, nilichana ule ukurasa, nikautia kwenye mbabula.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikuwa mwovu, wala sikuwa mvivu. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu kwamba kimeshika. Nilikuwa nimekwisha kumwandikia mwalimu wangu wa Lubumbashi, naye alikuwa amejibu kwamba kuna nafasi kwa mtu anayeweza kufanya jambo kama lile. Kosa linalotokea mara moja tu halina uso, huwezi kulionyesha, na mimi nilikuwa na umri ambao mtu anaamini kwamba kisichoweza kuonyeshwa hakipo. Leo mwanafunzi akiniambia kwamba programu yake ilisimama mara moja tu, namwambia aache kila kitu. Wananiona mkali. Hawajui ninachokiona.

Mwezi wa sita, wakati wa baridi, aliletwa Numbi. Alitoka upande wa Kabondo-Dianda, siku nzima nyuma ya baiskeli ya shemeji yake, akazaa kabla jua halijatua. Mtoto alikuwa wa miezi saba, msichana, mwepesi kama njiwa. Masere Aline alikuja kwetu kesho yake asubuhi, vumbi mpaka magotini. Ya Ilunga hakutaka kuitoa kuvezi bado. Alikuwa ameagiza Lubumbashi kikatio, kipande kidogo cha chuma kinachokata umeme chenyewe joto likipita kiasi, bila kuuliza chipu wala programu, na kikatio hicho kilikuwa kwenye treni ambayo hakuna aliyejua iko wapi.

"Tungoye kwanza," alisema. "Siku tatu, ine."

Masere Aline hakubishana. Alisema tu kwamba mtoto hana siku tatu. Ya Ilunga akanigeukia. Namwona mpaka leo, na penseli nyuma ya sikio, akiniangalia jinsi alivyoangalia kiungo cha lehemu kabla ya kukiamini.

"Mwadi, ile programu yako. Ilisimamaka ata mara moya?"

"Hapana, Yaya. Ata mara moya."

Aliifunga kuvezi kwa blanketi, tukaipeleka.

Ilifanya kazi siku sita. Nilikwenda kila siku kuiona. Numbi alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, miaka kumi na tisa labda, na hakujua Kiswahili kingi. Alikaa kwenye kigoda kando ya kioo, akimwimbia mtoto kwa Kiluba kwa sauti ndogo sana, kama anayemnong'oneza mtu ndani ya kanisa. Kwa siku sita namba ilipanda na kushuka kidogo kama inavyopaswa, rele ikalia tiki, tiki, na Masere Aline akaniambia kwamba amelala usingizi kwa mara ya kwanza tangu mvua. Siku ya saba, karibu saa tano asubuhi, kulikuwa na uzazi mgumu chumba cha pili. Numbi alikuwa uani anapika uji. Masere Aline aliporudi alikuta namba imesimama kwenye thelathini na sita na nusu, kengele kimya, na mtoto mwekundu, mdomo wazi, ngozi inaunguza. Walimtoa, wakampepea, wakamlowesha. Nilifika saa nane. Numbi alikuwa ameketi sakafuni ameshika kitambaa ambamo hapakuwa na mtu, kwa sababu Masere Aline alikuwa bado anajaribu. Mtoto alikufa kabla ya saa kumi. Masere Aline alikuwa amembatiza mwenyewe, kwa maji ya kikombe.

Wakuu watatu wa serikali walikuja kesho yake, wakauliza mashine ni ya nani. Tulikuwa tumesimama wote wawili. Ya Ilunga alikuwa amefungua rele usiku ule, akakuta midomo yake imeungua kidogo, kama midomo ya rele yoyote iliyotumika. Kwake ilitosha, hata hakuuliza kwa nini kengele ilikuwa kimya. Aliamini kwamba imeshikana, kwamba umeme ulikataa kukatika kwa sababu ya mikono yake. "Njo yangu," alisema. "Huyu mutoto alinisaidia tu." Mutoto alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nikanyamaza kama mtoto. Walimtia kasho, yaani mahabusu, wiki tatu. Mama Kabange alimpelekea chakula kila mchana, nami nikambebea sufuria mpaka mlangoni, halafu nikarudi karakana. Huko, siku ya kumi na moja, nikiwa na karatasi za kipande changu nimezitandaza juu ya ule mlango wa behewa, nililiona. Amri mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Niliruhusu saa kukatiza kazi amri moja kabla rejista ya mwisho haijahifadhiwa. Pigo la saa likiangukia hapo hapo, katika ufa mwembamba kiasi kwamba siku tisa zinaweza kupita bila kuangukia, kazi iliamka na kitu kisicho chake na zote tatu zikafa pamoja. Na mlinzi hakujua, kwa kuwa nilikuwa nimemfundisha kuguswa na saa kuu, na saa hiyo ilikuwa ingali inapiga. Nilizirudisha amri mahali pake. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Sikumwambia mtu. Ya Ilunga alitoka kasho amekonda, ana kikohozi, akakaa kizingitini na ile rele mkononi akiifungua na kuifunga. Alinieleza jinsi ilivyoshikana. Alinieleza zaidi ya mara moja, kwa upole, ili nisije nikafanya kosa kama lake huko niendako. Nikaitikia. Kabla ya mwezi kwisha nilipanda treni kwenda Lubumbashi, na kiini kilichorekebishwa kikiwa kwenye kompyuta yangu. Kingeweza kurudishwa kuvezini kwa saa moja. Lakini ili nikirudishe ningelazimika kusema nimerekebisha nini, kwa hiyo kuvezi ilifunikwa shuka ikawekwa stoo, na Masere Aline alirudia chupa zake mpaka alipohamishwa. Sijui ni watoto wangapi walipita katikati ya chupa hizo. Ya Ilunga aliuza vyuma vyake akaenda kulima muhogo. Watu wakimletea redio alisema macho yake yameharibika.

Siku ya pili ya kukaa kwangu kilioni, nilimkuta Mama Kabange peke yake jikoni akichambua maharagwe. Nikamwambia yote, tangu ile asubuhi ya chupa ya moto mpaka ule ukurasa niliouchoma. Mikono yake haikusimama. Nilipomaliza, alitupa mawe machache mlangoni, akauliza kwa nini sikuyasema haya mume wake akiwa hai. Nikasema niliogopa. Akasema, "Alikufa na ile maneno mu roho. Kila Pasaka alikuwa anaungamia padiri zambi ya weye." Nililia, naye akangoja nimalize, bila kunigusa. Kisha akafunga kitambaa chake. "Minyi sina kitu ya kukuambia. Enda kusema kwa Numbi. Iko hapa Kamina, anauzishaka unga. Nitakuonyesha."

Alitangulia, nami nikamfuata mpaka sokoni. Numbi alikuwa kwenye kibanda chake pembeni ya soko, mwanamke mnene mwenye mvi za mapema, na kilima cha unga wa muhogo mbele yake. Alimwamkia Mama Kabange kwa heshima, akampa pole ya kufiwa. Wakati wote huo hakuwa amemchukia Ya Ilunga, hilo nililiona mara moja, na sikuelewa. Niliketi kwenye gunia nikamwambia mimi ni nani na nilifanya nini. Nilitumia maneno mepesi niliyoyaweza. Nilisema mashine ilisimama kwa kosa la mkono wangu, na kwamba nilikuwa nimeona dalili nikaficha. Alisikiliza akitazama unga. Nilingoja anitukane.

"Ile asubui," alisema, "nilifungulaka kale kadirisha ka pembeni. Masere alikuwa amenikataza. Nilitia mukono, nikamugusa mu mugongo, kidogo tu, juu hajasikiaka mukono yangu ata siku moya. Halafu nikafunga, nikaenda kupika." Alisawazisha unga kwa kiganja. "Nilijua njo minyi niliharibisha mashini. Sikuambiaka muntu. Ata bwana yangu."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kadirisha kale hakakuharibu kitu, kwamba kuvezi imetengenezwa na dirisha lile ili mama atie mkono. Aliniomba niseme tena. Nikasema tena. Akanitazama kama mtu anayesikiliza redio yenye mkwaruzo, akauliza kitu kwa Kiluba, haraka, na Kiluba changu ni cha kusalimia tu. Ndipo Mama Kabange, aliyekuwa amesimama nyuma yangu wakati wote, akapita mbele, akainama, akamshika Numbi kifundo cha mkono. Alizungumza naye kwa Kiluba, polepole, kwa muda mrefu. Nilishika jina la Ya Ilunga. Nilishika neno la mkono, likirudi mara nyingi, nikaelewa anamwambia kwamba mume wake naye aliubeba mzigo ule ule. Mwishoni alininyoshea kidevu, bila chuki, kama mtu anayeonyesha mlango wa nyumba. Numbi akaanza kulia kwa sauti, na wauza unga wa pande zote mbili wakasimama kutazama, na hakuna hata mmoja wa wale wanawake wawili aliyeniambia nikae au niondoke.